Kikopo cha jamu kwa ajili ya chozi

Ukitafuta mtandaoni namna ya kutengeneza chombo cha kuwanyweshea ndege maji ya sukari, maelekezo mengi yametoka Marekani na yanamhusu ndege aitwaye hummingbird, ambaye huku kwetu hayupo kabisa. Yule wa kwao huelea hewani mbele ya ua, mabawa yanakwenda kasi hata huyaoni, akanywa bila kutua. Sisi tuna chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayekunywa maji matamu ya maua. Chozi akilazimika ataelea kidogo, lakini hapendi. Anataka pa kukanyaga kwanza ndipo anywe. Ukitundika chombo kisicho na kijiti cha kutua, atakizunguka, atakiangalia, halafu atarudi zake kwenye mgomba.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Bigwa, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Cherehani yangu inakaa barazani, na mbele yangu kuna haibiskasi na shina la migomba. Kazi yenyewe ni ya kuinamisha kichwa, ila kila nikibadilisha uzi nainua macho, na chozi wako pale. Wanaokuja sana ni wa aina mbili. Mmoja dume lake ni jeusi, utosi na koo vinang'aa kijani, kifua chekundu kweli kweli. Wa pili ni mdogo zaidi, mgongo wa buluu na kijani unaometa juani, tumbo la njano. Majike ya wote wawili yana rangi ya kufifia, ndiyo maana watu wengi hudhani ni ndege wengine kabisa. Huko juu kwenye misitu ya Uluguru kuna chozi ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani, lakini huyo hashuki kwetu mabondeni, nisikudanganye kwamba namlisha.

Okota ua la haibiskasi lililoanguka, uligeuze utazame chini kabisa, pale petali zinapokutana na kikonyo. Mara nyingi utaona mpasuko mdogo, kama mahali sindano ilipopita. Ni chozi huyo. Ua ni refu, mdomo wake haufiki kirahisi kutokea mbele, basi anatoboa kwa nyuma na kunywa asali ya ua bila kugusa chavua. Mwizi, lakini mwizi mwenye ufundi.

Sasa chombo. Natumia kikopo kidogo cha jamu cha plastiki, kifupi na kipana, chenye mfuniko mwekundu wa kuzungusha. Makopo ya mafuta ya mgando yana umbo zuri zaidi, lakini achana nayo: mafuta yale hayatoki yote hata uoshe vipi, na manyoya ya ndege hayataki mafuta. Njano pia naikwepa, kwa sababu nyuki wanaipenda.

Pasha spoki ya baiskeli kwenye mkaa mpaka ishike moto, utoboe mfuniko matundu manne karibu na ukingo. Tundu liwe pana kidogo kuliko spoki yenyewe, milimita tatu hivi, basi. Ukizidisha unamkaribisha nyuki aingie mzima mzima. Fanyia nje, moshi wa plastiki ni mbaya. Kisha sugua kingo za matundu kwa msasa mpaka ukipitisha kidole usihisi kitu kinachokwaruza, maana ulimi wa ndege ndio utakaopita hapo.

Vijiti vya kutulia ni viwili, unene wa penseli, kimoja kila upande wa kopo. Navifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli niliokata mwembamba, nauvuta na kuuzungusha mpaka ushike. Viwe chini kidogo ya mfuniko, ili ndege akitua mdomo wake uelekee kwenye tundu bila kujipinda. Vijiti viwe vya mti, si vya chuma. Chuma juani kinaunguza miguu. Kama mfuniko wako si mwekundu, kata ua kwenye soli ya kandambili nyekundu iliyokufa, litoboe katikati, ulibandike juu ya tundu kwa gundi ya fundi viatu. Liache nje siku kadhaa mpaka harufu ya gundi iishe.

Kuna mtindo mwingine maarufu, ule wa kupindua chupa ya maji ya nusu lita ikae kichwa chini na vimiminiko vitoke kidogo kidogo. Ni kanuni ileile ya vyombo vya kunyweshea vifaranga. Kwa vifaranga ni sawa kabisa. Kwa Morogoro na jua lake siutaki. Chupa inapopungua, nafasi ya juu inajaa hewa. Hewa ikipata joto inatanuka na kusukuma maji ya sukari nje. Yanadondoka, sisimizi wanapanga mstari, nyuki wanafuata, na ndege anakosa. Kikopo ambacho ndege anakunywa kwa juu hakidondoshi. Jaza tu mpaka ibaki kama sentimita moja chini ya mfuniko: chozi anafika, nyuki hafiki.

Maji ya sukari ni sukari kipimo kimoja, maji vipimo vinne. Robo kikombe cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji. Chemsha maji, koroga sukari iyeyuke, acha yapoe kabisa. Sukari iwe ile nyeupe. Mkoa wetu una Kilombero na Mtibwa, sukari tunayo, lakini ile ya rangi ya kahawia ina masalia ya molasi yenye madini ya chuma, na mengi hayawafai ndege hawa. Asali usiweke, inaota ukungu haraka ikichanganywa na maji. Jusi ya pakiti yenye rangi nyekundu nayo hapana, hata kama inafanana na ua. Wekundu unatosha kwenye mfuniko.

Mama mmoja aliyeleta kitenge cha kushona alinikuta najaza kopo. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza, "Mwanangu, sukari ilivyopanda, wewe unawapa ndege?" Nikampigia hesabu. Robo kikombe ni kama gramu 50. Kilo ikiwa shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 150. Akacheka, akasema basi na yeye nimkatie hiyo 150 kwenye bei ya gauni. Sikumkatia.

Gharama kubwa ni usafi, si sukari. Kwenye joto letu nabadilisha kila baada ya siku mbili, na msimu wa joto kali kila siku. Yakianza kuwa na ukungu kama maziwa, au kutoa harufu ya uchachu, mwaga, hata kama kopo limejaa. Osha kwa maji ya moto na siki kidogo, sugua matundu kwa mswaki wa zamani, suuza sana. Kama huna muda wa kuosha, usitundike, panda haibiskasi.

Sisimizi wanashuka kwa waya wa kutundikia kopo. Dawa yake ni kizibo kikubwa cha dumu la mafuta ya kupikia: kitoboe katikati, pitisha waya, ziba tundu kwa gundi, kigeuze kiwe kama bakuli juu ya kopo, ujaze maji. Sisimizi akifika hapo anageuza. Usipake grisi kwenye waya.

Halafu kuna ubabe. Dume lenye kifua chekundu likishalijua kopo, linakaa kwenye mgomba na kumfukuza kila anayesogea, hata jike lake. Mwaka 1975 Frank Gill na Larry Wolf waliandika utafiti wao kuhusu chozi wa Naivasha, Kenya, wanaolinda vichaka vya maua. Walipima nguvu anazotumia ndege kufukuza wengine na nguvu anazookoa kwa kuwa na maua yaliyojaa. Kulinda kunalipa pale tu nguvu anazookoa zinapozidi anazotumia. Mimi ninavunja hesabu ya dume langu kwa kutundika kopo la pili upande wa chooni, asipoweza kuona yote mawili kwa pamoja. Wale wa tumbo la njano wanakunywa huko.

Sukari peke yake haimkuzi ndege. Makinda yanalishwa wadudu na buibui, kwa hiyo siku hizi sipulizi dawa kwenye haibiskasi, na utando wa buibui ulioko kwenye kona za baraza siufagii wote. Chozi anaukusanya kushikiza kiota chake kinachoning'inia. Uzi wangu mrefu, ndiyo, naufagia, usije ukamnasa miguu.

Migomba ikichanua kwa wingi chozi hawaji sana kwenye kopo. Hapo nalishusha, nalianika, naendelea na sare za shule.