Gego Lililobaki Bagram

Jino langu moja liko Afghanistan. Ni gego la chini, upande wa kushoto. Liling'olewa Bagram, iliyokuwa kambi ya jeshi la Marekani nililolitumikia, tarehe 9 Novemba 2010 na daktari wa meno mwenye cheo cha kapteni, ambaye alishika koleo huku akiniuliza kama kwetu Kenya nimewahi kumwona simba. Mdomo ulikuwa wazi na nusu ya uso imekufa ganzi, kwa hiyo simba wakaishia hapo. Nilipewa pamba ya kuuma na vidonge vya maumivu, na siku mbili baadaye nilikuwa nyuma ya usukani wa lori tena.

Miaka mitano ikapita bila mimi kulikumbuka jino hilo, isipokuwa nikila nyama.

Mwaka 2015 nilikwenda kuhojiwa kazi katika kampuni ya malori. Aliyenihoji naye alikuwa askari mstaafu, na tulianza vizuri. Akaniuliza nilitumikia wapi. Nikamwambia Kuwait, halafu Afghanistan, kwenye misafara. Akaivuta DD 214 yangu. Hiyo ndiyo hati anayopewa askari wa Marekani anapoliaga jeshi, na baada ya hapo kila kitu humtaka aionyeshe: masomo, mkopo wa nyumba, matibabu, hata kaburi kwenye makaburi ya maveterani. Kidole chake kilishuka polepole hadi kisanduku cha 18, kikasimama.

"Hapa naona Kuwait tu," akasema.

Nikaanza kueleza. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyojisikia mwongo. Marekani wapo watu wanaojivika nishani ambazo hawakuzipata, na maveterani wa kweli huwanusa kwa mbali. Mimi ndiye niliyekuwa nanuswa. Kazi sikuipata, labda kwa sababu nyingine kabisa, lakini sikulala.

Usiku ule niliisoma DD 214 kwa mara ya kwanza. Ndiyo, kwa mara ya kwanza. Nilipotoka jeshini Aprili 2013, karani aliisukuma mezani akanionyesha kisanduku cha 21, nami nikatia sahihi kwa sababu nilikuwa na ndege ya saa nane. Kisanduku cha 18 kilisema nilitumikia Kuwait tangu Agosti 2010 hadi Agosti 2011. Kisanduku cha 13, cha nishani, kilikuwa na ile ya kupambana na ugaidi wanayopata waliokaa Kuwait. Nishani ya Kampeni ya Afghanistan haikuwemo.

Kilichotokea ni hiki. Kikosi changu kilipelekwa Kuwait. Mwezi Oktoba kombania moja kule Bagram ilipungukiwa madereva, na sisi sita tukaazimwa. Tulikaa hadi Februari. Tuliazimwa kama jembe: mwenye jembe anajua, aliyeazima anajua, na hakuna anayeandika. Amri ya kutuhamisha ilikuwepo kwenye barua pepe ya mtu fulani, lakini haikuingia kwenye faili zetu. Kwa mujibu wa jeshi, miezi ile minne niliimaliza kwenye mchanga wa Kuwait.

Nilikwenda kwenye ofisi ya kaunti inayowasaidia maveterani. Afisa aliyenipokea alikuwa mama mmoja, sajini mstaafu, anayeongea haraka na kuandika polepole. Kwenye benchi la kungojea nilikaa na mzee aliyepigana Korea. Faili lake liliungua katika moto wa tarehe 12 Julai 1973, pale St. Louis, jengo la kumbukumbu za kijeshi lilipowaka na faili kati ya milioni 16 na 18 zikateketea. Bado alikuwa akiyakusanya maisha yake karatasi moja moja. Alinisikiliza, akacheka. "Zako hazijaungua, kijana. Zimekosewa tu."

Nilikuja na silaha niliyoiamini: hati za mshahara. Kila mwezi wa kipindi kile zilionyesha dola 225 za posho ya hatari, na sehemu nyingine inayoonyesha kwamba mshahara haukukatwa kodi. Niliziweka mezani kama mtu anayeshusha turufu. Yule mama akazitazama, akanitazama.

"Sajini, wakati huo Kuwait nayo ililipwa hiyo hiyo. Dola 225."

Sikuwa nalijua hilo, ingawa pesa zenyewe nilikuwa nikizipokea. Nikaziokota hati zangu moja moja.

Akanieleza njia. Kwanza unaomba marekebisho kwa njia ya kawaida, kwenye Kamandi ya Rasilimali Watu ya Jeshi, Fort Knox. Ikishindikana, unajaza fomu ya DD 149 na kuipeleka kwenye Bodi ya Jeshi ya Kusahihisha Kumbukumbu za Kijeshi. Huko raia watatu wanasoma karatasi na kupiga kura. Mara nyingi hutaitwa kusema lolote. Bodi inaanza kwa kuamini kwamba jeshi liliandika sawa, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo uko kwako. Una miaka mitatu tangu ulipoligundua kosa. Nikamwambia nimeligundua mwezi uliopita. Akageuza DD 214, akagonga sahihi yangu kwa kalamu. "Watasema uliligundua hapa." Bodi inaweza kusamehe kuchelewa kwa ajili ya haki, lakini yeye hakutaka niende kuomba vitu viwili kwa pamoja.

Fort Knox walijibu baada ya miezi kadhaa, kwa adabu: hakuna hati katika faili inayoonyesha nilikuwa Afghanistan.

Nilimweleza mama yangu kwa simu. Akakasirika kuliko mimi. "Kwani si ulinipigia kutoka huko? Si nilisikia ndege zikinguruma mpaka tukawa hatusikizani?" Ni kweli. Bahati mbaya DD 149 haina nafasi ya kuambatisha masikio ya mama.

Wazo la faili la matibabu lilikuwa la yule afisa. Akaniuliza kama niliumwa huko. Nikasema hapana, sikuumwa, sikujeruhiwa, nashukuru Mungu. Nikawa nimefika mlangoni kabisa ndipo ulimi wangu, wenyewe, ukagusa pengo.

Nakala ya faili ilikuja kwenye sidii, kurasa mia na kitu, nyingi za chanjo na vipimo vya macho. Ukurasa wa meno ulikuwa umechanganywa na vipimo vya masikio. Mchoro wa taya, meno yote kwa namba, na moja limepigwa alama ya msalaba. Pembeni kwa mwandiko mbaya: Bagram, 09 Nov 2010. Mistari miwili chini yake, Bagram tena, 16 Dec 2010, jino la jirani lilipozibwa. Nilihesabu kwa vidole, kisha kwenye kalenda, kisha nikamwita mke wangu ahesabu. Siku 37. Nishani ile inadai siku 30 mfululizo, au 60 zilizokatika.

Afisa hakushangilia. Alisema mtu mbishi anaweza kudai niliondoka nikarudi kwa ajili ya meno tu, kama tajiri. Kwa hiyo tukatafuta hati mbili za kiapo. Ya kwanza ilitoka kwa sajini wa platuni iliyotuazima. Alinikumbuka kwa sababu niligonga lango la kambi yake kwa lori, jambo ambalo aliliandika bila kuombwa. Ya pili ilitoka kwa dereva mwenzangu, tuliyepokezana usukani miezi yote minne. Yeye aliniita Kenya na mimi nilimwita Texas, na kusema kweli ilibidi nimuulize jina lake kamili ili nijaze fomu.

Tulituma Februari 2016. Miaka mitatu ilikuwa imebakiza wiki chache.

Halafu kimya. Nilipata kazi nyingine, tukahama nyumba, mtoto akaanza shule. Jibu lilikuja Desemba. Kurasa nyingi, nikazipita zote kutafuta mwisho: bodi imekubali. Nyuma yake ilikuwepo DD 215, karatasi ya masahihisho. DD 214 ya zamani haifutwi, hii inabandikwa nayo. Kisanduku cha 18, Afghanistan, na tarehe. Kisanduku cha 13, Nishani ya Kampeni ya Afghanistan, na nyota moja ya shaba. Niliisoma pale pale kwenye sanduku la barua, jina langu herufi kwa herufi, safari hii sina ndege ya kuwahi.

Nishani yenyewe ilifuata baadaye kwa posta: ramani ya nchi ile juu ya milima. Mama aliitaka picha yake siku hiyo hiyo.

Lakini wa kwanza kumpigia alikuwa Texas. Alifurahi kweli, akapiga kelele hadi nikaisogeza simu. Kisha akanyamaza kidogo.

"Kenya," akasema, "hata yangu imeandikwa Kuwait."

"Na hukuniambia?"

"Sikuwa nimeisoma. Niliitoa kabatini nilipokuwa nakuandikia wewe."

Nikamuuliza alitoka jeshini lini. Akanitajia, nikapiga hesabu, nikaona atahitaji ule msamaha wa kuchelewa. Nikamuuliza kama kule Bagram alitibiwa chochote. Homa, mguu, chochote.

"Hapana."

"Meno?"

"Meno yangu yote ni mazima," akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama kosa.

Nikavuta karatasi nikaanza kumwandikia hati yake ya kiapo, nikianzia na siku tulipogonga lango. Aliyekuwa na usukani ni mimi, lakini yeye ndiye aliyeniambia nafasi inatosha.