Tunapika?

Ni Jumapili, saa nne usiku, watoto wamelala, na bado nalisikia. Neno moja tu, tena langu mwenyewe, nililorudishiwa mbele ya watu likiwa na alama ya kuuliza.

Ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita, barabara ya Luthuli hapa Nairobi, kwenye duka moja la vitu vya stima ambalo wakisimama wawili mlangoni wa tatu hapiti. Tulikuwa tumeshuka mjini kwa viatu vya shule vya mtoto wetu Neema. Nami, kama kwa bahati (haikuwa bahati, nilikuwa nimelichungulia duka hilo kwenye simu siku tatu), nikasimama mbele ya majiko ya indaksheni, yale ya stima yenye kioo juu. Msichana wa duka akaja mbio, kucha za kijani, uso wa biashara. "Karibu mkubwa, uliza bei, kuuliza si kununua." Nikauliza. Elfu sita na mia tano. Akaanza maswali yake: nyumbani mko wangapi, mita ni ya tokeni, sufuria ni za aina gani. Kisha akasema, "Na mnapika sana, ama nyinyi ni watu wa kununua chakula?"

Nikajibu, "Tunapika sana. Karibu kila siku tunapika."

Na Mama Neema, mke wangu, aliyekuwa nyuma yangu na mfuko wa viatu, akasema, "Tunapika?"

Basi. Hakuongeza neno. Hakununa, wala hakucheka. Yule msichana akatazama kucha zake.

Wenye kumbukumbu mnajua Mama Neema ni mtu wa Likoni, Mombasa, na watu wa kwao wanaweza kukumaliza kwa silabi moja. Mkazo hakuuweka kwenye "pika". Aliuweka kule mwanzo, kwenye ile "tu", akaivuta kidogo, kama mtu anayeinua shati la mtumba juani kuona kama lina tundu. Mimi wa Wundanyi, kule Taita, ningehitaji sentensi tatu na mfano mmoja.

Wiki hii ofisini tumepunguzwa kutoka 14 hadi 9, mimi nikabaki, na mdogo wangu wa mwisho ameletewa barua ya posa. Mtaniwia radhi, ninachotaka kuandika ni ile "tu".

Kwenye matatu ya kurudi nilitunga majibu. La kwanza: na chai ya Jumapili hupikwa na nani? Hilo lilikufa kabla hatujafika City Stadium, kwa sababu chai ya Jumapili mara ya mwisho nadhani ilikuwa kabla ya Pasaka. La pili: nani hununua gesi? Hilo lilifika mpaka Donholm, likaonekana zuri kweli, lakini tuliposhuka na yeye akanipa mfuko wa viatu niushike ili afunge kamba za Neema, likanitoka.

Niseme ukweli, sababu zangu za kutaka jiko lile si za kipuuzi. Mnakumbuka mtungi ulivyotukatikia mkesha wa Krismasi, wali wa nazi ukiwa nusu njia. Niliandika hapa, mkanicheka. Kodi ya VAT ilipoondolewa kwenye gesi Julai 2023 nilidhani sasa tumepumua, na mwezi jana nimejaza ule wa kilo 13 kwa shilingi 3,200, ukatusukuma wiki tano. Stima, kwa upande mwingine, kwa sehemu kubwa ni yetu wenyewe, mvuke wa ardhini wa Olkaria na upepo wa Marsabit, wakati gesi huja kwa meli. Hoja hii ya Olkaria nilimpa Mama Neema Jumatatu usiku. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimeanika sare ya Neema.

Basi nikafanya hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya uniti 12 na kitu za stima, kwa hiyo mtungi mzima ni kama uniti 165. Lakini moto wa gesi karibu nusu yake hupita pembeni ya sufuria ukapasha dari. Indaksheni haipotezi hivyo. Kazi ya mtungi ule ule ingefanywa na uniti kama 100. Kwa bei ninayonunua tokeni, nafuu ipo, ila ndogo, ya kununua mkate na maziwa. Kisha nikakumbuka mafungu ya bei ya stima. Tangu Aprili 2023 sisi wa majumbani tumegawanywa: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 30 na 100, na wanaozidi 100, kwa wastani wa miezi mitatu. Sisi huwa kwenye 70 hivi. Nikiongeza mapishi, nimevuka 100, na hapo si uniti za jiko tu zinazopanda bei, hata ya balbu ya choo. Ule mkate umeshaliwa.

Ningeachia hapo, lakini msichana wa kucha za kijani alikuwa ameniambia kitu kingine: "Nenda nyumbani na sumaku, pitisha kwenye kitako cha kila sufuria. Ikishika, inapika. Isiposhika, usinilaumu."

Jumanne Mama Neema alikuwa zamu ya usiku. Nikabandua sumaku ya friji, ile ya jahazi tuliyopewa na bibi yake Neema, nikapiga magoti mbele ya kabati la chini. Neema akaja kutazama. Nikamweleza jinsi jiko lile linavyofanya kazi: kioo chenyewe hakiwaki, chini yake kuna koili ya waya wa shaba, stima ikipita pale inafanya nguvu ya sumaku inayobadilika haraka haraka, na hiyo ndiyo inayokichemsha kitako cha sufuria chenyewe. Ndiyo maana inataka chuma. Aluminiamu haitaki, chungu ndiyo hakisikii kabisa. Akasema, "Sawa. Lakini mbona unatoa hiyo?"

"Hii si sufuria?"

"Ni ya maziwa, baba. Ukiiweka na zile za nyama mama atajua."

Nikaitoa nyingine. Ile ya uji, akasema. Nyingine, pana, yenye mdomo uliopinda: ya kuchemshia maji ya kuoga mtoto, lakini siku hizi ni ya kulowekea maharagwe. Sufuria kubwa kuliko zote ilikuwa na kitako kipya, kinang'aa, kimekunjwa na kugongwa pembeni kwa nyundo, alama za nyundo zinaonekana moja moja. Nikauliza imekuwaje. "Ilitoboka. Mama aliipeleka Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali." Lini? "Wakati ule ulikuwa Kisumu."

Kisumu nilienda mwaka juzi.

Nilikuwa nimekaa sakafuni, sumaku mkononi, sufuria 11 zimenizunguka kama kikao cha wazee, na mtoto wa miaka 9 ananitajia majina na kazi za kila moja. Nimeishi na vyombo hivi miaka 12. Nimekula vilivyomo ndani yake kila jioni, na sikukijua hata kimoja. Zilizoshika sumaku ni vitu vitatu: chuma cha chapati, birika la enameli lililopauka mdomoni, na sufuria moja ya ile seti ya harusi tuliyopewa na shangazi. Chungu cha wali wa nazi, alichokipakata Mama Neema kutoka Likoni kwenye basi usiku kucha, sikukisogeza hata. Niliogopa kukigusa.

Hapo neno lile likabadilika sauti. Siku tatu nilikuwa nikilisikia kama kofi. Jumanne usiku nikaanza kulisikia kama swali la kawaida, la mtu anayetaka kujua.

Kwa sababu hebu fikirini. Mashine ya mandazi nilileta mimi. Iko juu ya kabati, haijawahi kuona unga. Blenda iliyoungua mota ni mimi. Kile kikaangio cha hewa cha mkopo wa sako, mnakijua, mlikitukana hapa wiki nzima. Kila kitu kipya kinachoingia jikoni kwetu kimeletwa na mtu anayeingia jikoni kufuata maji ya kunywa.

Mwenzangu wa meza ya jirani, mmoja wa wale watano, aliniazima jiko lake Jumatano wakati anabeba vitu vyake, eti kwa sasa anahesabu kila uniti. Nikalibeba kwenye boksi la karatasi za printa. Alhamisi Mama Neema angerudi saa mbili. Nikaamua ugali.

Maji yalichemka upesi mno, nilikuwa bado natafuta mwiko. Fenicha yote ya jikoni ilikuwa inasikiliza feni ya lile jiko, maana linavuma kama kompyuta ya zamani. Nikatia unga, nikaanza kusonga, na sufuria ya shangazi ikaanza kuzunguka. Hamjanielewa: sikuwa nasonga ugali, nilikuwa naendesha usukani. Kioo ni laini, sufuria ni laini, na ugali unataka nguvu. Kwenye gesi ile miguu ya chuma huishika sufuria. Hapa hakuna cha kushika. Nikiinua kidogo kuikaza, jiko linalia tiit, tiit, linaacha kupika. Nikiirudisha, linaanza tena. Mwishowe Neema akaja na taulo, akaishika masikio yote mawili huku amegeuza uso, nami nikasonga kwa mikono miwili jasho likinidondokea. Mita ilikuwa imetoka 41.62 ikafika 41.20. Nimeiandika kwenye daftari, nayo ni takwimu safi.

Mama Neema aliingia tukiwa hivyo hivyo. Akasimama mlangoni na sare, mkoba begani. Akatazama mtoto, akatazama taulo, akatazama sufuria.

"Hiyo ni ya mchuzi wa wageni," akasema.

Akaenda kubadilisha nguo. Alipokaa mezani alimega, akafinya tonge, akalifungua kwa kidole gumba, akanionyesha unga mkavu katikati bila kusema kitu. Kisha akalichovya kwenye sukuma, akala. Akamega mara ya pili. Mara ya tatu sikuhesabu kwa makusudi.

Nilitaka nimuulize kuhusu Luthuli. Nilikuwa na sentensi kabisa. Badala yake nikamuuliza anaonaje hili jiko, akanikumbusha usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipoingia gizani. "Nyumba hii walikula nini?" Wali moto na samaki wa kukaanga, kwa mwanga wa simu. Tulikula wote, na jirani wa ghorofa ya tatu akaletewa sahani. Kwenye kula, "tu" yangu haina kesi.

Ijumaa stima zikapotea dakika 40, kama aliyeziagiza. Hakusema neno. Alitabasamu tu gizani, nililisikia tabasamu lenyewe.

Lakini Jumamosi asubuhi niliamka nikasikia ile feni. Mama Neema alikuwa amelisogeza jiko mpaka karibu na dirisha, ameweka birika la enameli juu, na tangawizi imeshapondwa. Hakuwa ameniamsha nione. Alikuwa anasoma simu yake, mguu mmoja juu ya mwingine, jikoni kukiwa baridi, hakuna ile joto ya gesi, na chai ikachemka. Nikasema, "Kwa hiyo tulinunue?"

Niliisikia "tu" ikinitoka, nikaomba ardhi inifunike. Akanimiminia kikombe.

"Lirudishe kwanza la watu," akasema.

Na hapo ndipo nilipokwama. Mwenye jiko kanitumia ujumbe leo mchana: kama mama watoto amelipenda, nimpe elfu nne, asihangaike kulifuata. Elfu nne ni bei nzuri. Lakini namjua mtu huyu miaka 6, hajawahi kuuza kitu, na jiko lile alilinunua Februari tu, akatuletea picha ofisini. Nikimpa elfu nne na kulichukua, je, nimemsaidia au nimemnyonya? Nikimpa elfu nne na kumrudishia jiko, ataelewa vibaya. Sijamjibu. Mama Neema sijamwambia. Mtungi nimeutikisa jioni, umebaki mwepesi.

Kitu kingine, na hiki hakihusiani. Mzee wa geti hajaonekana siku ya nne. Ameletwa kijana mwingine, mpole, anaandika namba za magari yote kwenye kitabu hata yetu, hajui nani ni wa hapa. Nimemuuliza keateka, amesema ameambiwa tu kwamba ni likizo. Mzee yule hana likizo. Taa yake ya mkononi bado iko kwenye kibanda, na ile redio yake ndogo, na koti limetundikwa pale pale msumarini.