Siku moja maishani mwangu: jukwaa la ngoma, Katuba

Saa kumi na moja alfajiri

Lubumbashi yetu, kusini-mashariki mwa Kongo, mwezi wa saba ni baridi. Tuko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri tunaamka tukipuliza mikono. Nawasha mbabula, jiko letu la makaa, nateleka maji ya chai, halafu natoka na tochi mpaka ukuta wa nyuma ya jiko. Pale kuna vidoa vyeupe vya mviringo, laini kama karatasi, vimebandikwa na buibui kufunika mayai yao. Nabandua viwili ambavyo vitoto vyake vimekwisha kutoka, naviweka ndani ya kiberiti kitupu. Watoto wangu wanajua kwamba ukuta ule haufagiliwi.

Nasimamia jukwaa. Leo ni Jumamosi, na kwenye ua wa parokia moja hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, watapanda Baluba wa Kasai, Bachokwe, Bayeke, Basanga, na Babemba wa upande wa Luapula.

Saa moja na nusu

Ndani ya taksi-bisi naliona bomba la moshi na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Kila nikipita na kazi kama ya leo nakumbuka kwamba ni shaba iliyotukusanya. Mji ulianzishwa 1910 juu ya ardhi ya Balamba na Basanga, na kampuni ya migodi ikaleta wafanyakazi kutoka Kasai, Maniema, Rwanda na ng'ambo ya mpaka, nchi inayoitwa leo Zambia. Walikuja na ngoma zao. Hata beni, ile ngoma ya magwaride iliyozaliwa pwani ya Waswahili, ilifika ikachezwa hapa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kuchanganya makabila kwenye jukwaa moja ni jambo jipya, namwambia aulize wazee wa makambi ya wafanyakazi.

Saa tatu

Vyombo vinashushwa. Kijana wetu wa sauti ni hodari, ana masikio, lakini amezoea gitaa na kinanda. Anaweka maikrofoni juu ya madimba, anavaa visikilizio, anakunja uso.

"Yaya," ananiita, ndiyo kusema dada mkubwa, "kuna makelele ndani. Inavuma kama spika imepasuka. Nitoshe?"

Namwambia asitoe kitu kwanza, aje tuiname chini. Madimba ni vibao vya mti vilivyopangwa juu ya vibuyu, kibao kikubwa na kibuyu kikubwa, kidogo na kidogo. Kila kibuyu kina tundu ubavuni, tundu limezungushiwa nta, na juu ya nta kuna kile kiwamba cha buibui. Kibao kikipigwa, hewa ya ndani inakitikisa kiwamba, na sauti inatoka na mvumo. Mvumo huo hutafutwa. Ndiyo unaofanya noti moja ijae ua mzima bila umeme. Likembe, kile chombo kidogo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, nalo lina vipete vya chuma kwenye vijiti vyake kwa sababu hiyohiyo, na ngoma nyingi za kwetu zina kitu kidogo cha kutetemeka. Mafundi wa zamani walikaa wakakitafuta kitu hicho, na sisi kwa mashine ya juzi tunataka kukifuta! Hili linaniuma, nalisema wazi. Nimesikia rekodi nyingi za madimba zilizosafishwa mpaka zikawa kama mtu anayegonga meza.

Papa wa madimba, yule mzee anayeyapiga, anapokea kiberiti changu, anachagua kiwamba kimoja, anakilamba kidogo pembeni na kukilaza juu ya nta ya kibuyu cha nne, ambacho kilikuwa bubu. Anagonga. Kibuyu kinaitika. Kijana anahamisha maikrofoni chini, karibu na vibuyu, na sasa anatabasamu.

Saa sita

Bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwa watu wote. Tunakula upesi.

Saa nane

Kazi ngumu kuliko zote ni chumba cha Bachokwe. Wamekuja na Pwo, kinyago cha mwanamke wa asili, mama wa ukoo, mwenye michoro ya chale usoni, na anayekicheza ni mwanaume aliyevaa vazi la nyuzi zilizofumwa toka shingoni hadi miguuni. Watu wote wanaruhusiwa kumtazama Pwo akicheza, lakini asionekane akivalishwa, na mimi mwanamke sina ruhusa kuingia mle. Waandaaji walikuwa wamepanga wachezaji wote wabadilishe nguo nyuma ya pazia moja. Nimeomba chumba cha katekesi chenye mlango na ufunguo, nimempa ufunguo mzee wao, na kwa mlango nimeweka kijana wao wenyewe. Wengine wanaona ni usumbufu. Kwangu, kumwalika Pwo bila kumpa mlango ni sawa na kumwalika mgeni halafu kumnyima kiti.

Saa kumi

Moto. Jua linaposhuka ngozi za ngoma zinalegea kwa baridi, kwa hiyo nimewashisha moto wa majani makavu na kuni ndogo upande wa kushoto, mbali na nyaya. Ngoma za Basanga zinasogea karibu. Za Bachokwe zinakaa mbali zaidi, maana katikati ya ngozi zimepakwa ulimbo unaoshusha sauti, na ukiyeyuka kazi yote imeharibika. Kila mpigaji anajua umbali wake. Mimi nahakikisha tu kwamba kila kikundi kinapata nafasi yake motoni kabla ya zamu yake, na ratiba yangu yote nimeipanga kwa kufuata moto huo.

Saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku

Basanga wanafungua, kwa kuwa ndio wenye nchi. Bayeke wanaimba Kiyeke, na mzee mmoja kando yangu ananieleza kwa sauti ya chini kwamba maneno mengine Wasumbwa wa Tanzania wangeyaelewa, kwa kuwa Msiri, mfalme wao wa zamani, na watu wake walitoka kule kabla ya kujenga Bunkeya, mji wao mkuu. Pwo anatoka, nyonga taratibu, hatua ndogondogo, na akina mama wanampigia vigelegele kama wifi aliyerudi nyumbani.

Halafu kasala ya Baluba.

Miaka miwili iliyopita, kwenye jukwaa jingine, nilimkata mama mmoja wa kasala. Karatasi ilisema dakika saba, nikawasha taa nyekundu, nikaruhusu muziki upande. Alikuwa katikati ya kutaja ukoo. Kasala ni kuwaita watu kwa majina na sifa zao, walio hai na waliokufa, jina juu ya jina, na mimi nilimwacha na wafu aliokwisha kuwaita na wengine aliokuwa hajawafikia. Hakunigombeza. Alishuka akakaa kwenye benchi, hakula, hakuzungumza na mtu. Nilikwenda kwake Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, kesho yake kuomba msamaha, na alinifundisha jambo moja: nimwangalie mkono, si saa.

Leo ni yeye tena. Madimba yanavuma chini yake polepole, mkono wake wa kulia uko hewani, na karatasi yangu nimeikunja. Dakika kumi na nne. Mkono unashuka. Babemba wanaofuata wamengoja bila neno, ngoma zao zimerudishwa motoni mara mbili.

Saa nne usiku

Nyaya zimekunjwa, Bachokwe wamefunga chumba chao na kunirudishia ufunguo. Nakuja na ndoo kuzima moto, lakini vijana bado wameuzunguka. Mmoja wa Bachokwe amepewa vipigio vya madimba na Papa anamshika kifundo cha mkono, "polepole, acha kibuyu kimalize kusema." Naweka ndoo chini. Makaa yapo bado.