Magurudumu 28: nilivyochonga kichwa cha treni kisiwani kusiko na reli

Kazi yangu ni makasha. Milango nachonga pia akitokea mteja, lakini riziki yangu hasa ni makasha ya njumu, yale ya kuwekea nguo za bi harusi, na karakana yangu iko Kikwajuni, mjini Unguja. Treni sijapanda hata siku moja. Dar nimekwenda mara zisizo hesabu, boti ya asubuhi kwenda, boti ya jioni kurudi, na mambo ya stesheni hayakunihusu.

Siku chache baada ya Sikukuu Ndogo akaingia mzee mmoja na mkongojo wake, mjukuu nyuma kamshikia mkoba. Ni mtu wa Wete, ila sasa anakaa kwa binti yake Mombasa. Nasema Mombasa yetu hii ya Unguja, si ile ya Kenya, ingawa ile ya Kenya ndiyo iliyomleta kwangu. Huko ndiko alikomaliza ujana wake, kwenye reli za Afrika Mashariki, alianza kwa kufuta mafuta kwenye vyuma akaishia fayamani, yaani mtu wa moto wa treni, mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977 akarudi kwao na sanduku moja.

Akatoa picha kwenye bahasha. Ndogo, imeliwa na chumvi pembeni, kichwa cha treni kimepigwa kwa mbele na vijana watatu wamesimama ubavuni. Mmoja ndiye yeye.

"Fundi, nataka unichongee hiki."

"Treni, mzee wangu? Hapana taabu."

"Sijasema treni. Nimesema hiki."

Nilichukua kazi kwa jeuri ya fundi. Nikajua garimoshi ni boila lililolala, dohani mbele, kibanda cha dreva nyuma, magurudumu chini. Nikakata gogo la mfenesi, nikalipiga randa, nikachonga mwili mzima kipande kimoja. Kwenye picha sehemu ya mbele kabisa ilionekana kama sanduku kubwa, nikaliacha liwe sanduku. Magurudumu nikakereza 20, yote saizi moja, nikayapanga sawa kwa sawa kutoka mbele hadi nyuma. Nyuma ya kibanda nikaweka lundo la vipande vya makaa, nikaona nimemaliza.

Mzee alipokuja alikaa kwenye benchi, akakiangalia muda mrefu. Kisha akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mwanangu, umenichongea jongoo."

Nakiri niliumia. Lakini alinieleza, na nilichokipata siku ile ni kwamba wenye reli hawakitambui kichwa cha treni kwa sura yake. Wanahesabu magurudumu. Kwanza madogo ya mbele, yanayoongoza njia. Halafu makubwa ya katikati, yanayosukumwa na mvuke. Halafu madogo ya nyuma, yanayobeba mzigo uliobaki. Namba tatu, basi. Ukisema 4-6-2, mtu wa reli anajua umbo unalolizungumzia kabla hujamwonyesha picha. Baadaye niligundua kwamba mpango huo unaitwa kwa jina la Frederick Methvan Whyte, mhandisi wa reli za Marekani, na ulienea tangu mwanzo wa karne ya 20.

Cha mzee ni 4-8-2+2-8-4. Alinitamkia akigonga meza kwa kidole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama anayefundisha mtoto chuoni. Jumla magurudumu 28, makubwa 16 na madogo 12. Hiyo alama ya kujumlisha ndiyo iliyonitoa jasho.

Usiku ule nikakaa na simu. Mwanafunzi wangu wa kazi alinisaidia kutafuta, na tukapotea vizuri tu. Tukakutana na Rocket ya Stephenson ya 1829, ndogo kama jiko la kuokea mikate. Tukakutana na Mallard ya Uingereza, 4-6-2 ya daraja, yaani aina, la A4, buluu, imechongoka mbele, ambayo tarehe 3 Julai 1938 ilikimbia kilomita 203 kwa saa. Tukakuta D51 za Japani zilizotengenezwa zaidi ya 1,100, nikajiuliza mtu anamtambuaje wake kati ya hizo. Tukafika kwa Big Boy za Marekani, 25 tu, zilizoundwa 1941 hadi 1944, nazo ni 4-8-8-4. Hapo nikaruka: hiki ndicho! Makundi mawili ya magurudumu manane, basi cha mzee ni ndugu yake.

Si ndugu yake. Ilinichukua siku mbili kuona tofauti. Big Boy ina makundi mawili ya magurudumu yaliyojificha chini ya boila moja refu. Cha mzee chini ya boila hakuna gurudumu lolote. Ni machela. Mbebaji mmoja mbele, mbebaji mmoja nyuma, mgonjwa kalala katikati hewani. Mbebaji wa mbele ana tangi la maji mgongoni, wa nyuma ana mafuta na maji, na boila limening'inia baina yao juu ya pini mbili. Kwenye kona kila mbebaji anageuka kivyake. Na kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu ya kulibana, boila linaweza kunenepa linavyotaka.

Aliyebuni machela hii ni Mwingereza, Herbert William Garratt, akaisajili 1907, na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kikatengeneza ya mwanzo 1909 kwa ajili ya Tasmania. Kiwanda hichohicho ndicho kilichotengeneza za mzee, daraja la 59, mashine 34, 1955 na 1956. Kila moja tani 252. Reli zetu za Afrika Mashariki zilikuwa na upana wa mita moja tu baina ya chuma na chuma, na duniani hapakuwa na mashine ya mvuke kubwa kuliko hizi iliyopita kwenye reli ya upana huo. Boila lenyewe lilikuwa na kipenyo cha futi saba na nusu. Hebu fikiri, pipa pana zaidi ya mara mbili ya njia linalopitia, linapanda kutoka pwani ya Mombasa hadi Nairobi.

Vipimo sasa. Urefu ni futi 104. Mimi nafanya kazi kwa inchi, kwa hiyo nikaamua kila futi iwe nusu inchi kasoro nusu robo. Ikatoka inchi 39, karibu mita moja, inakaa juu ya kabati bila kuning'inia. Magurudumu makubwa yakawa inchi moja na nusu na ushei kidogo. Nikayakereza kwa masalio ya mpingo, maana mpingo hauhitaji kupakwa rangi nyeusi, na ukipiga msasa mwembamba unang'ara kama chuma kilichofutwa mafuta.

Katikati ya kazi nusura nivunje kila kitu. Nilikuta mchoro mzuri mahali fulani umeandikwa 241+142, nikadhani nimechonga daraja lisilo lake. Kumbe Wafaransa hawahesabu magurudumu, wanahesabu ekseli, na kila ekseli ina magurudumu mawili. Gawa kwa mbili, ni kilekile. Wajerumani nao wanaweka herufi kwa yale makubwa. Kila taifa na hesabu yake, na fundi wa makasha ndiye anayekonda.

Lakini kilichonishinda kweli ni mikono, vile vyuma virefu vinavyounganisha magurudumu makubwa ubavuni. Nilivikata kwa bati la shaba lililobaki kwenye kasha moja, nikavitia pini, upande wa kulia na wa kushoto vikiwa pamoja, vyote juu au vyote chini. Kwa jicho langu la fundi hiyo ndiyo haki, pande mbili zilingane. Nikakisukuma mezani. Kinakwenda nusu mzunguko, kinakwama. Nikipaka nta, kinakwama. Nikipanua matundu kwa keekee, kinakwenda kidogo, magurudumu mengine yanarudi kinyumenyume kama watoto waliogombana. Wiki nzima. Makasha mawili ya wateja wengine yakachelewa kwa ajili hiyo, na mama mmoja wa Jang'ombe alinitolea maneno ambayo sitayaandika.

Nikampigia mzee. Akaja siku ileile, akaweka mkono juu ya gurudumu, akalizungusha polepole.

"Kulia na kushoto haviwi pamoja, fundi. Kimoja kiwe mbele ya mwenzake kwa robo mzunguko."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Mkono ukiwa umenyooka kabisa hauna nguvu. Pistoni inasukuma, gurudumu halijui liende huku au kule. Wakati huo inabidi mwenzake wa upande wa pili awe ameshika. Ukivifanya pamoja, vyote viwili vinakufa kwa wakati mmoja."

Ndivyo ilivyo kwenye mashine halisi, na ndivyo ilivyokuwa kwenye mpingo wangu. Nikang'oa magurudumu ya upande mmoja, nikayarudisha yakiwa yamegeuzwa robo, nikatia gundi, nikalala. Asubuhi nikakisukuma kwa kidole kimoja kikaenda mpaka ukingoni mwa meza, mwanafunzi akakidaka.

Mengine yalikuwa mepesi. Makaa niliyatupa: mashine hizi zilichomwa kwa mafuta mazito, na mzee alisema moto wake ulikuwa wa kufungulia valvu, akisimama kusikiliza mlio. Dohani nalo nililikereza mviringo, akalikataa. Mashine zao miaka ya 1960 zilitiwa dohani bapa, refu kwa mbele na nyuma, jembamba kwa pembeni, lililobuniwa na Mwaustria aitwaye Giesl ili mvuke uvute moto vizuri zaidi. Nikalichonga kwa patasi. Rangi hatukubishana. Zilikuwa damu ya mzee, na mimi damu ya mzee ninayo kopo zima.

Wakati gundi inakauka tulikaa barazani, na vijana wakajikusanya. Mmoja akasema Bububu imeitwa hivyo kwa mlio wa treni. Hili kila mtu hapa kalisikia. Reli ilikuwepo kweli, Wamarekani waliijenga 1905 kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, maili saba, na kabla yake Seyyid Barghash alikuwa na kijireli chake cha kuendea Chukwani. Lakini jina la Bububu ni la zamani kuliko treni, nikamwambia. Hakufurahi. Mwengine akamwambia mzee kwamba sasa Dar hadi Dodoma kuna treni ya umeme tangu 2024. Mzee akauliza ina magurudumu mangapi. Hakuna aliyejua.

Likabaki jina. Mashine za daraja la 59 zilipewa majina ya milima, kila moja na wake. Daraja la 29 walizipa majina ya makabila, la 60 majina ya magavana, na haya ya magavana yalikuja kung'olewa baada ya uhuru. Za milima mbili bado ziko Nairobi: 5918, Mount Gelai, na 5930, Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania, jambo lililonifurahisha bila sababu yoyote ya maana. Kwenye picha ya mzee kibao hakisomeki, kimeingia ukungu, nami nilikiacha cheupe mpaka aje.

Alikuja Ijumaa baada ya sala. Hakuangalia rangi wala dohani. Alipitisha kidole chini, upande mmoja, midomo inacheza. Mawili, manne, moja. Moja, manne, mawili. Akakisukuma, mikono ya shaba ikapanda na kushuka, kulia na kushoto kwa zamu. Nikamwuliza niandike nini kwenye kibao. Akanitajia namba na mlima, nikaandika kwa brashi ya nywele tatu, mkono wake ukiwa begani kwangu muda wote.

Kisha akainama, akachungulia nyuma ya tangi la mwisho.

"Na behewa letu la kulala liko wapi?"

"Behewa gani, mzee?"

"Safari ndefu tulikuwa zamu mbili, fundi. Wenzetu wanaendesha, sisi tumelala behewani nyuma, tunachemsha chai. Utanipa mashine bila pa kulala?"

Nikachukua penseli.

"Futi ngapi?"