Wiki ya sita: breki ya binti yangu imeshika

Imeshika! Jana jioni binti yangu, miaka 5, kilo 18, aliteremka ule mteremko wa mikaratusi upande wetu wa volkano ya Menengai, akabana breki kwa vidole viwili, baiskeli ikasimama. Haikuserereka wala viatu havikugusa chini. Akageuka: "Mama, imenisikia!" Naandika usiku huu kabla sijasahau nilichokifanya.

Mnaoendesha huku Nakuru mnazijua njia zile. Vumbi laini la volkano, juu yake majani makavu ya mkaratusi, na vile vikokwa vyake vinavyoviringika chini ya tairi kama gololi. Kwenye tambarare mtoto hana neno. Kwenye mteremko alikuwa anabana breki kwa nguvu zake zote, baiskeli inaendelea na safari, kisha anashusha miguu. Jozi mbili za viatu zimekwisha visigino tangu tuanze.

Mwanzoni nilidhani ni vidole. Nikakaza ule msumari mdogo wa parafujo ulio kwenye liva, yaani mkono wa kubania breki, ili isogee karibu na usukani. Vidole vikafika vizuri, breki ikabaki ileile. Nikanunua raba mpya za breki. Wapi! Nikabadilisha waya pamoja na mrija wake, nikatia grisi. Ikawa nafuu siku moja. Wiki ya nne nikampelekea fundi, akavuta waya mpaka rimu ikawa inasugua raba hata bila kubanwa, halafu akaniambia, "Mama, huyu hajapata nguvu bado. Ngoja mwakani."

Maneno hayo yalinichoma. Mwaka mzima wa kuburuta miguu ungemfundisha kwamba breki ni pambo, na mtoto aliyelizoea hilo utamtoa vipi baadaye?

Jumatano nikaipindua baiskeli yake juu chini kando ya yangu na ya kaka yangu ya zamani, ile ya usukani uliopinda. Yangu ina breki za V, zile za mikono miwili mirefu inayosimama kila upande wa tairi. Ya mtoto ina kalipa, ile breki ya upinde mfupi unaokaa juu ya tairi, kama ya kaka. Lakini liva za mtoto zilifanana na zangu! Nikachukua rula, nikapima kutoka kwenye pini liva inapozungukia hadi kichwa cha waya kinapokaa. Ya mtoto: karibu sentimita 3. Ya kaka: 2 na kidogo. Ni baiskeli ya mtumba, na kuna mtu huko nyuma alizibadilisha liva akaweka za V.

Basi hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Liva ya V huvuta waya mwingi kwa nguvu chache, kwa sababu mikono mirefu ya V yenyewe huiongeza ile nguvu. Kalipa inataka kinyume chake, waya mchache wenye nguvu nyingi. Ukiziunganisha hizo mbili, breki inakuwa ngumu mkononi, unaibana na kuhisi imekaza kabisa, kumbe kwenye rimu raba zinagusa tu. Mtu mzima hufidia kwa kiganja chake kikubwa. Mtoto hana cha kufidia. Na ule ugumu ndio ulionidanganya mimi na fundi pia, maana sote tulizoea kwamba breki mbovu huwa laini.

Nimepata liva mbili za kalipa kwenye boksi la vyuma chakavu dukani, shilingi 200. Parafujo ya kuzisogeza nimeikaza hadi mwisho. Nusu saa, kazi imekwisha.

Kuhusu vifaa: hicho kisu chenye spana kumi ndani yake sikitaki tena karibu na breki. Hakipati nafasi, kinavua kona za nati. Spana ya kawaida ya milimita 10 inatosha. Waya usikatwe kwa plaizi butu, utachanuka kama ufagio na hautaingia tena kwenye mrija. Na kuna ujanja mmoja wa fundi yuleyule ambao namshukuru nao: funga kalipa kwa blada (mpira wa ndani wa tairi) ili raba zibaki zimebana rimu, mikono yako yote miwili iwe huru kukaza nati.

Kuna mama mwenzangu aliyenishauri nitafute gurudumu la breki ya kukanyaga kinyumenyume. Nimekataa. Mtoto anayeanzia kwenye kilima anahitaji kurudisha pedali nyuma ili ikae mahali pazuri pa kuanza kukanyaga, na breki hiyo haimruhusu.

Kilichofuata kwenye orodha yangu kilikuwa rimu za alumini, maana hizi za chuma zikilowa hata breki nzuri huteleza, ili Agosti twende msitu wa Kakamega, upande wa Buyangu. Hayo yamesogezwa mbele. Jana wakati wa kurudi alisukuma baiskeli ya kilo 10 kupanda kilomita nzima, zaidi ya nusu ya uzito wake, na mimi natazama ile blada mkononi mwangu. Nikaifunga kutoka chini ya kiti changu hadi shingo ya usukani wake. Inavuta vizuri mno, haina mshtuko, na yeye anaendelea kukanyaga. Tatizo ni kwamba nikipunguza mwendo inalegea na kuingia kwenye njiti za gurudumu langu la nyuma. Nimeipunguza sentimita 15 na kupitisha kamba ya nailoni pembeni yake isivutike kupita kiasi. Kesho saa moja asubuhi tunaijaribu.