Ratiba yangu ya kwanza iliishi siku tisa

Niliichora nyuma ya daftari la madeni, kwa kalamu nyekundu. Siku sita za mazoezi: asubuhi kukimbia, jioni ngumi, Jumapili kanisa. Ukiitazama inapendeza. Mama aliisoma mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwani unapigana na nani, na lini?" Sikuwa na jibu. Nashona nguo soko la Kenya (walio mbali, hii Kenya ni komini, yaani sehemu ya jiji la Lubumbashi huku Kongo, si nchi), na wakati huo nilikuwa na wiki mbili tu tangu nivae glavu.

Siku ya tisa nilifika mazoezini mikono ikitetemeka. Nilikuwa nimekanyaga cherehani tangu asubuhi, sare za shule. Nikafunga bandeji, ile tepe ya kitambaa ya kuvaa chini ya glavu, harakaharaka. Nilikuwa nimenunua ile fupi, ya mita 2.5, kwa ajili ya bei. Ukizungusha kifundo mara mbili na konzi mara mbili imekwisha, hakuna ya kupitisha kati ya vidole. Nikatupa kroshe, ngumi ya kupinda kutoka pembeni, kwenye gunia, kifundo kikapinda kwa ndani. Hakikulia. Nilihisi joto tu, kama nimeshika pasi. Wiki tatu sikuweza kushika mkasi, na mshonaji asiyeshika mkasi ni mdomo tu wa kula bukari, ugali wetu.

Baba mdogo akanifariji kwa habari za Kinshasa 1974. Pambano la mabondia Muhammad Ali na George Foreman lilikuwa lipigwe Septemba 25. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa hadi Oktoba 30. Sawa, ila Foreman alikuwa na madaktari. Mimi nilikuwa na vipande vya barafu vya jirani anayeuza maji baridi.

Kocha hakunipa pole. Aliuliza tu siku gani kazi inanielemea. Jumatano na Ijumaa, nikamwambia, maana harusi ni Jumamosi na kila mtu anataka nguo yake jana. Akazifuta zote mbili. Akafuta na Jumatatu, bila kueleza. Zikabaki siku tatu, nami nikaona aibu, kama mtu aliyerudishwa darasa la chini.

Jumanne ni miguu na mkono wa kushoto. Raundi sita za dakika 3, pumziko dakika 1, simu ndiyo kengele: mbili za kamba, mbili za kupigana na kivuli, mbili za gunia. Mkono wa kulia unakaa kidevuni tu, na unawasha kweli kwa hamu ya kupiga. Mifano yote ya kocha ni bondia Sumbu Kalambay, mzaliwa wa jiji hili, aliyetwaa mkanda wa dunia wa chama cha WBA, uzito wa kati, kule Italia mwaka 1987. "Kushoto kwanza," anasema, kana kwamba Kalambay ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Jumamosi nakimbia nusu saa Katuba, komini nyingine ya hapa, kabla jua la mwezi wa kumi halijachoma, mwendo wa kuweza kuitikia salamu. Nikishindwa kuitikia, napunguza.

Jumatatu nafua bandeji. Sasa ninazo za mita 4.5, na zikikaa ndani ya mfuko usiku mmoja zinanuka kama ndagala waliolowa mvua. Zikikauka nazikunja kuanzia upande unaonata, ili kitanzi cha dole gumba kibaki nje, tayari. Nilizikunja kinyume mwezi mzima kabla ya kugundua kwa nini wenzangu walimaliza kufunga kabla yangu.

Alhamisi ndiyo ngumu: tunapigana wawiliwawili, taratibu, bila nguvu. Ngumi ikija nafumba macho. Kocha ameandika kwenye ratiba yangu, kwa mkono wake, neno moja tu siku hiyo: "Tazama." Wiki iliyopita nilizitazama tatu mfululizo. Ya nne sikuiona.