Bibi aliyeandikiwa miaka 65

Kwenye faili la bibi mmoja, mwanafunzi wangu aliandika: "Mgonjwa hatoi historia inayoeleweka." Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi mno wodini, na enzi za uanafunzi nimewahi kuyaandika mimi mwenyewe. Kwenye raundi ya asubuhi nilimwuliza yule kijana alikaa na mgonjwa muda gani. Dakika tano, akasema, labda sita. Ulimwamkia? Akainamisha kichwa.

Nafundisha udaktari hapa Tanzania, mwaka wa tatu, pale wanafunzi wanapoanza kugusa wagonjwa. Saa za kufundisha habari za wazee ni chache, na kwa miaka kadhaa nilizimaliza kwa slaidi: presha, kisukari, kiharusi, kuanguka. Mtihani walifaulu. Lakini wodini walisimama miguuni pa kitanda, wakamwuliza binti wa mgonjwa mambo ambayo mzee mwenyewe alikuwa anayasikia vizuri kabisa. Jambo hilo lilinikera na kuniumiza.

Siku ile nilimrudisha kijana kwa bibi, kalamu nikaishika mimi. Nilimwagiza mambo machache tu: toa shikamoo, vuta stuli ukae macho yenu yalingane, mwulize walikuwa wakiimba nini wakitwanga, halafu nyamaza.

Alikaa karibu saa nzima. Bibi aliimba, kwanza kwa sauti ya kujaribu, kisha akapiga mapigo ya mchi kwa kiganja kwenye ukingo wa kitanda. Kutoka kwenye kutwanga akafika kwenye magoti. Kutoka kwenye magoti akafika kwenye vidonge anavyonunua duka la dawa na kumeza asubuhi na jioni kwa miezi mingi. Binti alipovitoa kwenye pochi, vilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo ikimezwa muda mrefu. Sote tulikuwa tunashangaa figo zake zimechoka kwa nini, na jibu lilikuwa ndani ya wimbo wa kutwanga.

Kulikuwa na la pili. Bibi alimwambia, "Bendera ya uhuru ilipopandishwa, mjukuu wangu, nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine nimemshika mkono." Uhuru ni Desemba 1961, na kadi ya hospitali ilisema ana miaka 65. Tulikuwa mwaka 2021. Kwa hesabu ya kadi, bibi alikuwa mama wa watoto wawili akiwa na miaka mitano! Tukamkadiria miaka 80. Hili si jambo la karatasi tu. Kanuni moja tunayoitumia sana kukadiria kazi ya figo huanza kwa kutoa umri kwenye 140: kwa miaka 65 unabaki na 75, kwa miaka 80 unabaki na 60. Moja ya tano ya makadirio inapotea, na dozi za dawa zinazotoka kwa njia ya figo hufuata hesabu hiyo hiyo.

Tangu hapo niliamua kwamba masimulizi, nyimbo na mashairi vitaingia kwenye somo langu kama vifaa vya kazi, sawa na kipimo cha presha. Kwanza tulitengeneza kalenda ya matukio: uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, kuhamia vijijini miaka ya 1970, vita vya Kagera 1978. Mwanafunzi haulizi tena "una miaka mingapi?" Anauliza, "Wakati wa vita ya Idi Amin, bibi, watoto wako walikuwa wakubwa kiasi gani?"

Kisha kila mwanafunzi alipewa mzee mmoja mtaani wa kumtembelea nyumbani mara nne, baada ya mzee na familia kuridhia. Ziara ya kwanza ni marufuku kubeba kifaa chochote. Muhula wa kwanza wengi hawakwenda. Waliona ni mchezo, na mwenzangu mmoja alinieleza wazi kwamba napoteza muda wao. Nilipopeleka hoja somo lipewe alama, likapewa, miguu ikapatikana. Ningependa iwe vinginevyo, lakini mwanafunzi mwenye mitihani sita simlaumu.

Nilichokipenda zaidi ni ngonjera. Wote waliikariri shule ya msingi, hivyo hapakuwa na la kuwafundisha isipokuwa kuhesabu mizani. Kundi moja lilitunga mzee na daktari wakibishana. Mzee:

Daktari nisubiri, jibu langu lingalipo,
Maneno yamo safari, yatafika yafikapo.

Na daktari akajibu:

Foleni imeshamiri, wangoja wengine hapo,
Eleza yako habari, kalamu tayari ipo.

Tuliwaalika wale wazee wa mtaani waje kuwa watazamaji. Wanafunzi walijiandaa kupigiwa makofi, na walipigiwa, lakini bibi mmoja akanyoosha mkono. "Wajukuu zangu, mzee wenu huyu analia toka mwanzo hadi mwisho. Mbona mimi nacheka kila siku?" Ukumbi mzima ukanyamaza. Walikuwa wameandika uzee kama ugonjwa, na mimi niliyesahihisha vina na mizani sikuliona hilo. Walirudi kuandika upya, safari hii bibi yule akikaa katikati yao akiwasahihisha.

Tulijifunza pia kupima kumbukumbu bila kumwaibisha mtu. Kumwambia mzee ambaye hakupata shule achore saa ni kumpima shule, si akili. Kipo kipimo kilichojaribiwa wilayani Hai, Kilimanjaro, ambapo mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Wanafunzi hufanyia mazoezi kwa wenzao kwanza, wakiwa wamevaa glavu nene na miwani iliyopakwa mafuta ya mgando. Wanapozidondosha njiti huacha kumharakisha mtu.

Yule bibi wa kwanza aliachishwa diklofenaki, akakaa wodini siku kadhaa. Asubuhi ya kuruhusiwa, kijana alichelewa raundi. Bibi alikuwa ameketi, mtandio kichwani, anamsubiri. "Mume wangu," akamwambia mbele yetu sote, "leo umelala kwa mke mwenza?" Kijana alicheka hadi akashika kitanda, kisha akaomba kalamu aandike kwenye faili.